Waranti ya Ziada ya Gari la Haibridi: Majibu kwa Wanaoiuza, na kwa Wanaoikataa Bila Kuisoma

Watu wetu walioko Marekani wanapenda magari ya haibridi, na wana sababu. Dereva wa Uber au Lyft anayezunguka jiji kutwa nzima huiona tofauti ya mafuta kila jioni. Dada anayetunza wazee, asubuhi nyumba hii na alasiri nyumba ile ya upande wa pili wa mji, naye huiona. Bei ya gari lenyewe wanaipigania vizuri, maana kupatana bei hatukufundishwa na mtu. Lakini bei ikishakubaliwa mnunuzi huingizwa chumba kingine, ofisi ya mikopo. Huko, akiwa amechoka na watoto wana njaa, huwekewa mezani karatasi ya mwisho: mkataba wa kurefusha waranti, wa dola elfu mbili, elfu tatu, wakati mwingine zaidi. Anasaini. Wengi wanasaini kwa hofu, na hofu hiyo wameuziwa pamoja na mkataba.

Maneno yanayosemwa katika chumba kile yanafanana karibu kila mahali. Nitayajibu moja baada ya jingine, kisha nijibu na mengine tunayoambiana wenyewe kwenye harusi na matanga, kwa sababu nayo yanatutoa fedha mifukoni.

"Betri ikifa utalipa maelfu ya dola."

Hili ndilo linalotisha kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Ni kweli kwamba betri kubwa ya haibridi ni ghali, na kuibadilisha nzima kwa wakala wa kampuni hula maelfu ya dola. Muuzaji hasemi ni nani atakayelipa. Kwa magari ya haibridi ya toleo la 2020 na kuendelea yanayouzwa Marekani, Toyota inaifunika betri hiyo kwa miaka 10 au maili 150,000, chochote kitakachotangulia. Magari yake ya kabla ya hapo yalipewa miaka 8 au maili 100,000, na mengi ya yaliyouzwa California na katika majimbo yanayofuata kanuni zake za moshi yalipewa ile ile miaka 10 na maili 150,000. Ford na Honda hazishuki chini ya miaka 8 na maili 100,000. Tena waranti hii ya betri ya Toyota hulifuata gari lenyewe. Ukinunua Camry ya haibridi ya mwaka 2021 kutoka kwa mtu wa pili, miaka iliyobaki kwenye betri ni yako, na hulipi hata senti.

Sasa chukua mkataba uliowekwa mezani. Mara nyingi ni wa miaka 7 na maili 100,000. Mtu anayeendesha maili 15,000 kwa mwaka atafikisha maili hizo kabla ya mwaka wa saba kuisha, na siku hiyo waranti ya kiwanda kwenye betri yake itakuwa bado ina maili 50,000 mbele. Kwa betri, mkataba huo haukumpa hata siku moja ya ziada. Na dereva wa teksi ya simu anayekata maili 40,000 kwa mwaka? Huyo atamaliza maili 100,000 za mkataba katika miaka miwili na nusu, wakati zile 150,000 za kiwanda zitamfikisha karibu na mwaka wa nne. Kwa vyovyote vile, mkataba unakufa kabla ya kile unachodai kukikinga.

Tena soma orodha ya visivyofunikwa. Mikataba mingi ya kampuni zisizo za kiwanda huitoa kabisa betri ya umeme mkubwa, au huiuza kama nyongeza yenye bei yake. Mtu anaweza kulipa dola elfu tatu kwa kuogopa betri, na karatasi aliyosaini ikawa na mstari mmoja mdogo unaosema betri haimo. Mwambie muuzaji akuwekee kidole kwenye mstari unaoitaja. Akikuonyesha kipeperushi cha rangi badala ya mkataba wenyewe, hajakujibu.

Kuhusu betri yenyewe, tuiogope kwa kiasi chake. Betri za Prius kuanzia toleo la 2004 hadi 2015 zilikuwa na moduli 28, kila moja ikiwa na seli sita za volti 1.2, jumla kama volti 200. Kompyuta ya gari haiiachi betri hiyo ijae kabisa wala iishe kabisa. Huiweka katikati muda wote, na hapo ndipo inapoishi miaka mingi. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports lilipima upya Prius ya mwaka 2002 iliyokuwa imetembea karibu maili 208,000, likailinganisha na ile waliyoipima ikiwa mpya miaka kumi nyuma. Mpya ilipata maili 40.6 kwa galoni, na ile nzee ilipata 40.4. Betri yake ilikuwa ya kiwandani.

Adui wa betri hizi ni joto. Feni inayoipoza huvuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, na tundu hilo huziba kwa vumbi, nywele na nyuzi za nguo. Abiria akiweka begi mbele yake siku nzima, betri inapikika. Kusafisha tundu na filta yake ni kazi ya dakika chache, na itaisaidia betri yako kuliko mkataba wowote. Gari la abiria lifanyiwe hivyo mara kwa mara.

"Haibridi ina mashine mbili, kwa hiyo huharibika mara mbili."

Ukilisikia linaingia akilini. Lakini hesabu vitu ambavyo haibridi ya aina ya Prius au Camry haina. Haina stata ya kawaida wala alternata ya kawaida, kwa kuwa mota zake za umeme ndizo zinazowasha injini na kuchaji. Haina klachi, wala giaboksi ya otomatiki yenye msururu wa gia na vali. Ina seti ya gia za sayari inayounganisha injini na mota mbili. Padi za breki hudumu sana, kwa sababu ukiachia mafuta mota hugeuka jenereta na kulipunguza gari mwendo kabla padi hazijagusa diski. Consumer Reports walipotangaza matokeo ya uchunguzi wao wa Desemba 2023, uliotokana na taarifa za wenye magari wenyewe, haibridi zilikuwa na matatizo machache kwa asilimia 26 kuliko magari ya petroli peke yake. Haibridi za kuchajiwa kwa plagi ndizo zilizoonekana kusumbua zaidi, na nadhani sifa yao mbaya huangukia haibridi za kawaida bila haki.

Hata hivyo sitamwambia mtu kwamba haibridi haiharibiki. Prius za toleo la 2010 hadi 2015 zinajulikana kwa mafundi: njia inayorudisha moshi kwenye injini huziba masizi, na gasketi ya silinda hedi huungua. Mwaka 2014 Toyota iliyaita magari ya Prius yapatayo milioni 1.9 duniani kwa sababu ya programu ya inveta. RAV4 za haibridi kuanzia toleo la 2019 zilipata kutu kwenye waya mzito wa umeme unaokwenda mota ya nyuma, hasa kule ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na malalamiko yalipozidi Toyota yenyewe ilirefusha muda wa kuufunika waya huo. Kabla ya kulipia ukarabati wowote, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama gari lako limeitwa. Gari lililoitwa kwa usalama hutengenezwa bure, liwe na waranti au lisiwe nayo.

Kwa hiyo swali linalofaa ni hili: ni kitu gani kitakachobaki wazi, na kuanzia lini? Kwa Toyota mpya, waranti ya jumla ni miaka 3 au maili 36,000. Injini na mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu ni miaka 5 au maili 60,000. Inveta na kompyuta zinazosimamia umeme mkubwa ni miaka 8 au maili 100,000. Betri tumeshaisema. Baada ya mwaka wa tatu, vinavyobaki wazi ni kompresa ya kiyoyozi, skrini ya katikati, kamera, sensa za usalama, vioo vya umeme, funguo za kisasa. Hivi navyo vina bei, na kompresa ya kiyoyozi ya haibridi, inayoendeshwa kwa umeme mkubwa, si kitu cha mchezo. Ukinunua mkataba, hivi ndivyo unavyovinunulia kinga. Amua kwa kuviangalia hivyo, achana na betri.

"Inafunika kila kitu, kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma."

Hakuna mkataba wa namna hiyo. Ipo ya aina mbili. Mmoja hutaja vinavyofunikwa, na kisichotajwa hakimo. Mwingine hutaja visivyofunikwa, na vilivyobaki vyote vimo. Wa pili ndio wenye nguvu, na ndio ghali. Katika yote miwili utakuta vitu vinavyochakaa kwa matumizi havimo: padi, matairi, klipu, raba, mara nyingine hata shokamzoba. Utakuta sehemu ya gharama unayolipa mwenyewe kila unapoingia gereji. Utakuta kiwango cha juu cha kazi ya fundi kwa saa, na kama gereji inatoza zaidi, tofauti ni yako. Utakuta kwamba fundi lazima apate kibali kabla hajafungua kitu, na kwamba kama kasoro iliyoonekana baada ya kufungua injini si ya mkataba, gharama ya kufungua ni yako pia.

Lakini mstari ninaotaka kila dereva wetu autafute kabla ya mwingine wote ni ule wa matumizi ya kibiashara. Mikataba mingi hulitoa gari linalobeba abiria au mizigo kwa malipo, na Uber, Lyft na DoorDash zimo humo. Mingine hukubali, kwa nyongeza ya bei. Dereva aliyesaini mkataba wa gari la nyumbani, kisha akaliingiza barabarani kutafuta riziki, amelipia karatasi itakayokataliwa siku ya kwanza ya shida. Mkaguzi hapati taabu kumjua: maili za gari zinasema, na kibandiko kwenye kioo kinasema. Hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa kuwa wanaolipia zaidi kwa ajili ya usalama ni hao hao walioegemea gari kwa mlo wa watoto, na ndio ambao mkataba umewaacha nje. Ukiulizwa matumizi ya gari, sema ukweli, uandikwe. Kama mkataba unaoruhusu abiria haupo katika duka hilo, basi huna cha kununua hapo.

Na msidhani ni wasiwasi wangu tu. Julai 2024 kampuni ya CarShield na mshirika wake walikubali kulipa dola milioni 10 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, kudai kwamba matangazo yao yaliwaahidi watu ufunikaji ambao mikataba haikuutoa, pamoja na uhuru wa kwenda gereji yoyote, wakati zipo gereji zilizokuwa haziipokei mikataba hiyo. Miaka kadhaa kabla yake kulikuwa na US Fidelis ya Missouri, iliyouza mikataba hii nchi nzima. Ilifilisika mwaka 2010, na ndugu wawili waliokuwa wakiimiliki walikiri makosa na kufungwa. Mkataba wa miaka saba ni ahadi ya kampuni kuwepo kwa miaka saba. Angalia ni nani aliye nyuma yake: kiwanda kilichotengeneza gari, kampuni ya bima inayojulikana, au jina ambalo hujawahi kulisikia.

"Ni miaka saba kamili, na ni dola 45 tu kwa mwezi."

Miaka saba hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku gari lilipotoka dukani likiwa jipya. Haihesabiwi kuanzia siku waranti ya kiwanda inapoisha. Miaka mitatu ya mwanzo tayari ni ya kiwanda. Unachonunua ni minne, tena kwa vile tu ambavyo waranti ndefu za kiwanda hazivigusi.

Kuhusu dola 45, fanya hesabu yote. Mkataba wa dola 2,500 ukiingizwa kwenye mkopo wa miezi 72 kwa riba ya asilimia 9 huja kama dola 45 kwa mwezi, na mwisho wa safari utakuwa umelipa kama dola 3,245. Zaidi ya dola 700 ni riba ya karatasi. Kama una fedha taslimu, lipa mkataba pembeni. Kama huna, bei yake halisi ni hiyo ya pili, na ndiyo ya kuuliza kama inastahili.

Tena bei hiyo hupatanwa, jambo ambalo wengi wetu hatujui. Tunapigania mia mbili kwenye gari, kisha tunakubali elfu tatu za mkataba kana kwamba zimechapishwa na serikali. Mkataba ule ule wa Toyota, unaosimamiwa na tawi lake la fedha, huuzwa kwa bei tofauti na mawakala tofauti, na wapo wanaouza kwa simu kwa bei ya chini sana kuliko aliyotajiwa mtu ofisini. Uliza mawakala wawili watatu kabla ya kusaini chochote.

"Ni leo tu" na "benki haitatoa mkopo bila hii" nitayajibu pamoja, kwa kuwa yote mawili ni ya kukuharakisha. Mkataba wa kiwanda kwa kawaida unaweza kuununua wakati wowote waranti ya jumla ikiwa bado hai, yaani una hadi karibu miaka mitatu au maili 36,000 ya kulijua gari lako, ingawa bei hupanda maili zikipanda. Na mkopo wa gari hautegemei mkataba huu. FTC inashauri kwamba ukiambiwa unategemea, uipigie benki yenyewe uulize. Mara nyingi inatosha kusema, "Basi niandikie hivyo kwa maandishi." Maneno yatabadilika.

"Usipofanya sevisi kwetu, waranti ya kiwanda inakufa."

Si kweli, na si kweli tangu mwaka 1975. Sheria iitwayo Magnuson-Moss inamkataza mtengenezaji kuifanya waranti yake itegemee gereji fulani au spea za chapa fulani, isipokuwa akikupa bure. Unaweza kubadilisha oili kwa fundi wako wa mtaani, au wewe mwenyewe kwenye maegesho. Unachotakiwa ni kuweka risiti: tarehe, maili, aina ya oili. Kama fundi wako hukuandikia kwenye kipande cha karatasi, mwambie aandike vizuri na aweke jina la gereji. Mkataba wa ziada ni kitu kingine kisheria, unahesabiwa kuwa mkataba wa huduma, na una masharti yake ya sevisi. Ukosefu wa risiti za oili ni sababu rahisi sana ya kumkatalia mtu madai ya injini.

Yapo pia yale ya simuni: "Waranti ya gari lako iko karibu kwisha." Anayepiga hajui gari lako. Mwezi Agosti 2023 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitangaza faini ya karibu dola milioni 300 dhidi ya kundi lililopiga simu za mashine zaidi ya bilioni 5, kwa namba zaidi ya milioni 500, katika miezi mitatu tu ya mwaka 2021. Kata simu. Usibonyeze namba yoyote, hata ile ya kujitoa. Wazazi wetu waliokuja kuishi nasi waelezwe hili kwa Kiswahili, taratibu, kwa kuwa wao huheshimu kila simu inayoingia, na wapo waliotoa namba za kadi ya benki kwa sauti hizo.

Sasa yale tunayoambiana wenyewe.

"Waranti zote za ziada ni wizi," husema wengi, na wanaosema hivyo wana hoja. Uchunguzi wa Consumer Reports uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya walionunua mikataba hii hawakuitumia hata mara moja, na wengi wa walioitumia walipata pungufu ya walicholipa. Lakini kutoitumia si ushahidi wa wizi. Hata bima ya moto hatuombi kuitumia. Kuna mtu ambaye mkataba unamfaa. Ni yule ambaye ukarabati wa ghafla wa dola 2,000 utamfanya akose kodi ya nyumba, ambaye hana wa kumkopesha, na ambaye gari likikaa gereji wiki moja hana kazi. Ni yule anayenunua haibridi iliyotumika ambayo waranti ya jumla imeisha, ya aina yenye vifaa vingi vya umeme, na atakaa nayo miaka mingi. Huyo nitamwambia atafute mkataba wa kiwanda chenyewe, wa aina inayotaja visivyofunikwa, unaoruhusu kazi anayoifanya kwa gari, kwa bei aliyoilinganisha kwa mawakala kadhaa. Asipoupata wa namna hiyo, asinunue mwingine kwa kujifariji. Anayenunua haibridi iliyotumika kwa wakala wa Toyota aulize kwanza kama ni ile iliyothibitishwa na kampuni, maana hiyo huja na waranti ya injini na mfumo wa nguvu ya miaka 7 au maili 100,000 tangu gari lilipouzwa likiwa jipya, na ya jumla ya miezi 12 au maili 12,000. Inawezekana akawa tayari anacho anachotaka kukinunua.

Kwa wengine, zile dola 45 za kila mwezi zikae mahali pake. Baada ya miezi 72 ni dola 3,240, na kama hakuna kilichoharibika ni zako zote. Vyama vyetu vinaweza kufanya hili. Tuna vyama vya misiba, vya harusi, vya kununua viwanja nyumbani, vyote vina wahasibu waaminifu na daftari safi. Madereva kumi wa mji mmoja, kila mmoja akiweka dola 45 kwa mwezi kwa ajili ya magari peke yake, wana dola 5,400 kwa mwaka, na fedha hizo hazina mkaguzi wa kutafuta sababu ya kukataa. Chama kiandike mapema kinalipia nini na kwa kiwango gani, na mwanachama akiondoka anarudishiwa kiasi gani. Kwa madereva wetu ninaliona kuwa bora kuliko mikataba mingi niliyoisoma, na ningependa kuona vyama vikilijadili mwaka huu.

"Fundi wetu atabadilisha moduli moja kwa dola mia tatu, ya nini waranti?" Hapa nasihi. Ndani ya betri ile mna umeme wa volti 200 na zaidi, na unaua. Anayeifungua bila glavu za umeme, bila kuchomoa plagi ya usalama na kungoja, anacheza na roho yake. Hata akiifungua salama, moduli 28 zimezeeka pamoja. Ukiweka moja yenye nguvu kati ya zilizochoka, taa itazima miezi michache kisha itawaka kwa nyingine. Na kama betri bado iko ndani ya miaka 10 na maili 150,000 za kiwanda, kuifungua kunaweza kukupotezea haki ya kupewa nyingine bure. Taa nyekundu ikiwaka, kwanza angalia tarehe na maili, kisha mpigie wakala, halafu ndiyo umtafute fundi.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambako magari huendeshwa upande wa kulia kama Marekani, huyatuma magari haya nyumbani baada ya miaka michache, na wapo walioambiwa kwamba waranti itavuka bahari pamoja na gari. Haivuki. Mikataba hii kwa kawaida hufanya kazi Marekani na Kanada tu, na waranti ya kiwanda nayo ni ya soko ambako gari liliuzwa. Kama unajua gari litakwenda Bujumbura au Lubumbashi mwaka wa nne, mkataba wa miaka saba hauna maana kwako. Kama ulishaununua, uufute siku gari linapopanda meli.

Hilo linanileta kwenye la mwisho: "Nimeshasaini, basi." Hapana. Karibu mikataba yote hii inaweza kufutwa. Ukifanya hivyo ndani ya siku za mwanzo, mara nyingi 30 au 60, na hujaomba malipo ya ukarabati, hurudishiwa fedha zote. Baada ya hapo hurudishiwa kulingana na muda au maili zilizobaki, kwa kukatwa ada ndogo. Muuzaji anaweza kukuambia kwa simu kwamba haiwezekani, kwa hiyo usitumie simu. Tafuta ukurasa wa kufuta mkataba, andika barua yenye namba ya mkataba, namba ya chasisi, maili za siku hiyo na sahihi yako, itume kwa njia yenye risiti kwa duka na kwa kampuni iliyotajwa kwenye mkataba, na uweke nakala. Kama mkataba uliingizwa kwenye mkopo, fedha hazitakuja mkononi mwako. Zitapelekwa kwa mkopeshaji. Malipo yako ya kila mwezi kwa kawaida yatabaki yale yale na mkopo utaisha mapema zaidi, kwa hiyo angalia taarifa ya mkopo ya miezi miwili inayofuata uone kama deni limeshuka kwa kiasi hicho, na kama halijashuka, wapigie ukiwa na nakala ya barua mbele yako.